Helmeti janja kwa baiskeli na skuta ya umeme: tazama povu kabla ya taa

Swali: Ninaendesha baiskeli ya umeme inayonisaidia kukanyaga mpaka kilomita 25 kwa saa, na kijana wangu wa miaka 19 ana skuta ya umeme, zile za kusimama. Tumeona helmeti janja yenye taa ya breki, indiketa, spika na kihisi kinachotuma ujumbe mtu akianguka. Je, inalinda kichwa kuliko helmeti ya kawaida? Tukinunua moja, tunaweza kuivaa kwa zamu? Na nyumbani ninayo helmeti niliyoanguka nayo mwaka jana, haina ufa hata mmoja. Siwezi kuifunga taa na kihisi nikaendelea nayo?

Jibu: Ndugu yangu, jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Vifaa vya umeme vilivyomo ndani ya helmeti janja havipunguzi hata chembe ya pigo linalofika kichwani. Kazi yao iko kabla ya ajali, ambapo taa humsaidia dereva kukuona, na baada ya ajali, ambapo kihisi humwita mtu aje. Katikati, pale kichwa kinapokutana na lami, hakuna programu wala betri inayokufanyia lolote. Pigo lenyewe huisha ndani ya takriban milisekunde 10, na muda wote huo uko mikononi mwa povu. Kwa hiyo anza kwa kuichagua kama helmeti ya kawaida, ukiridhika nayo ndipo uangalie umeme wake. Wengi huanza na taa kwa sababu ndizo zinazoonekana dukani, ilhali povu limefichwa.

Povu hilo ni la plastiki iliyojazwa vitundu vya hewa, ndugu wa lile linalowekwa kwenye maboksi ya televisheni, ila hili ni zito na limepimwa. Kazi yake ni kukipa kichwa nafasi ya kusimama polepole. Chukua hesabu rahisi: kichwa kinafika chini kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde. Povu likibonyea sentimita 2 huku likikipunguza mwendo kwa usawa, kichwa kinapata kani ya takriban mara 75 ya uzito wake. Mwendo huohuo ukikoma ndani ya milimita 2 tu, kani hupanda mara kumi na kufika karibu mara 750. Kwa uhalisia povu halibonyei kwa usawa hivyo na kilele cha kani huwa juu zaidi ya hesabu yangu, lakini sasa umeona kwa nini unene wa povu ni uhai. Sentimita mbili au tatu zile ndizo unazolipia.

Na zinafanya kazi. Jake Olivier na Prudence Creighton wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, mwaka 2016 walichambua tafiti 40 zilizohusu waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliojeruhiwa. Kwa waliovaa helmeti, uwezekano wa kuumia kichwa ulikuwa chini kwa asilimia 51, na wa kuumia kichwa vibaya ulikuwa chini kwa asilimia 69. Hizo zilikuwa helmeti za kawaida zisizo na waya wala taa.

Kuna kifaa kimoja cha umeme kilichothubutu kuingia katikati ya ajali, nacho nakitaja kwa sababu kinaeleza mengi. Wanafunzi wawili wa Sweden, Anna Haupt na Terese Alstin, walianza mwaka 2005 kubuni kola ya kuvaa shingoni iitwayo Hövding. Vihisi vyake vilisoma mwendo wa mwili mara 200 kwa sekunde, na vikitambua kwamba mtu anaanguka, mfuko wa hewa ulifumuka na kukifunika kichwa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kazi ya akili kubwa, na hewa huwa mto mzuri kuliko povu lolote. Ila sehemu ya kumi ya sekunde ni muda mrefu iwapo kichwa ndicho kitu cha kwanza kugonga, kabla mwili haujaonyesha dalili ya kuanguka. Tena kola isiyo na chaji ni skafu tu. Kampuni ile ilifilisika mwishoni mwa mwaka 2023. Povu halihitaji kuwashwa, wala halijali kama kampuni iliyolitengeneza bado ipo.

Sasa mwendo, maana umetaja kilomita 25 kwa saa na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kiwango cha Ulaya cha helmeti za baiskeli, EN 1078, hupima kwa kuiangusha helmeti kwenye chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, yaani kilomita 19.5 kwa saa. Kiwango cha Marekani kinachosimamiwa na CPSC, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, ambacho ni cha lazima tangu 1999, hutumia mita 6.2 kwa sekunde, karibu kilomita 22 kwa saa. Ukizisoma namba hizo utauliza: mbona ziko chini ya mwendo wa baiskeli yangu? Kwa sababu mtu anayeteleza na kuanguka ubavu huku akienda mbele, kichwa chake hukutana na lami kwa mwendo wa kuporomoka kutoka urefu alioketi au aliosimama. Kichwa kilicho mita 1.6 juu hufika chini kwa mita 5.6 kwa sekunde hata baiskeli ikiwa imesimama. Kwa hiyo kipimo hakikutungwa kijinga. Ila ukigonga ubavu wa gari au nguzo, mwendo wa mbele ndio unaohesabika wote. Kilomita 25 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka mita 2.5. Kilomita 45 kwa saa, mwendo wa zile baiskeli za umeme za kasi, ni sawa na kudondoka kutoka karibu mita 8, na hakuna helmeti ya baiskeli iliyopimwa kwa pigo la namna hiyo.

Waholanzi waliliona pengo hilo mapema, kwa kuwa baiskeli za kasi zilishaingia barabarani kwao. Mwaka 2016 walitoa kiwango kiitwacho NTA 8776, kinachopima kwa mita 6.5 kwa sekunde na kuitaka helmeti ifunike sehemu kubwa zaidi ya kichwa, hasa kisogoni na pembeni ya paji. Kwa baiskeli yako ya kilomita 25, helmeti nzuri ya EN 1078 au CPSC inatosha, lakini ukikuta yenye alama ya NTA 8776 inayokukaa vizuri, mimi ningeichukua hiyo. Mtu wa baiskeli ya umeme huenda kwa kasi ileile hata mlimani na hata akiwa amechoka. Saa zake nyingi hupita karibu na kilele cha mwendo, tofauti na mtu wa baiskeli ya kawaida anayekifikia mteremkoni tu.

Jambo jingine la kuuliza kabla hujagusa kitufe chochote ni mzunguko. Kichwa kinapoanguka hakitui wima kama nyundo. Hutua kwa mshazari, lami inakikamata, kinazungushwa ghafla, na ubongo ulio ndani unavutika. Nyuzi za ubongo huvumilia kubanwa kuliko zinavyovumilia kuvutwa. Daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mhandisi Peter Halldin, wakifanya utafiti Stockholm tangu miaka ya 1990, walibuni tabaka jembamba ndani ya helmeti linaloteleza milimita 10 hadi 15 na kupunguza msokoto huo. Ndilo linaloitwa MIPS, na leo kuna mifumo mingine yenye lengo hilohilo. EN 1078 ya mwaka 2012 haipimi mzunguko kabisa, hivyo alama yake pekee haikuambii kitu kuhusu jambo hili. Maabara ya Virginia Tech nchini Marekani tangu 2018 imekuwa ikizigonga helmeti za baiskeli kwa mshazari na kuzipa nyota, na orodha yake iko wazi kwa kila mtu. Kabla hujanunua helmeti janja yoyote, itafute humo. Usipoikuta si lazima iwe mbaya, lakini ukiikuta na nyota chache, usidanganyike na taa.

Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Kazi yangu hunilazimisha kuzikata helmeti kwa msumeno katikati ili nione zilivyojengwa. Niliwahi kukata helmeti janja moja iliyopendeza sana kwa nje. Kisogoni palikuwa na betri ya ukubwa wa kidole gumba, na ili ipate nafasi, mtengenezaji alikuwa amelichimba povu mpaka likabaki jembamba mno kati ya betri na fuvu. Povu la sehemu nyingine zote lilikuwa na unene wa kawaida. Na kisogo ndicho kinachogonga chini mtu akitelezewa na gurudumu la mbele akaanguka chali. Helmeti ya pili niliyoikata wiki hiyohiyo, ya mtengenezaji mwingine, ilikuwa imewekwa betri na taa nje ya povu, ndani ya kifuniko chembamba cha plastiki kilichokusudiwa kuchomoka kikigongwa, na povu lote lilikuwa zima. Dukani zilifanana kama mapacha.

Huwezi kukata helmeti ya dukani, lakini unaweza kuigeuza, ukaingiza kidole ndani na kupapasa. Linganisha unene wa povu mbele, pembeni na kisogoni. Ukigusa kitu kigumu nyuma ya kitambaa, au ukiona shimo la chaji linaloingia moja kwa moja mwilini mwa povu, uliza. Na swali la kuuliza ni hili: je, helmeti hii ilipimwa ikiwa na betri na taa zake, au alama ya kiwango ni ya ganda lile lilivyokuwa kabla ya kuongezwa umeme? Muuzaji makini atakuonyesha maelezo yenye jina kamili la toleo. Kwa helmeti za pikipiki, kanuni ya Umoja wa Mataifa iitwayo ECE 22.06 tayari inashughulikia vifaa vinavyofungwa kwenye helmeti, ila huku kwenye baiskeli jukumu la kuuliza bado ni la mnunuzi.

Tukishamaliza hayo, ndiyo, umeme una faida zake. Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni taa ya nyuma. Iko juu, usawa wa macho ya dereva, na huonekana hata pale gari dogo linapokuwa kati yako na anayekuja nyuma, ambapo taa iliyo chini ya tandiko imeshafichwa. Kwenye skuta faida ni kubwa zaidi, kwa sababu taa ya skuta iko karibu na ardhi, wakati mwingine sentimita chache juu ya gurudumu, ikichafuliwa na tope.

Taa ya breki nayo inafaa, lakini ujue inavyofanya kazi. Helmeti nyingi hazijaunganishwa na breki zako; ndani mna kihisi cha mchapuko, yaani cha mabadiliko ya mwendo, kinachobahatisha kwamba unapunguza mwendo. Ukiinamisha kichwa kutazama shimo barabarani, taa inaweza kuwaka bila wewe kugusa breki. Ukifunga breki taratibu, inaweza isiwake kabisa. Mifumo michache hupokea ishara kutoka kwenye mkono wa breki wenyewe, na hiyo ndiyo ya kuaminika. Dukani muombe muuzaji aiwashe, uishike mkononi, uipeleke mbele na kuisimamisha, uone inachukua muda gani.

Indiketa ni mada ndefu kidogo, na hapa wewe na kijana wako mnatofautiana. Kwenye baiskeli unaweza kunyoosha mkono ukaonyesha unakokwenda, na mkono wa binadamu hauna mpinzani kwa kueleweka. Kwenye skuta ya kusimama, kutoa mkono mmoja ni hatari ya kweli. Magurudumu yake ni madogo, mara nyingi inchi 8 hadi 10, usukani wake ni mwembamba na mwepesi, na ufa mdogo kwenye lami unatosha kuupindua mkono mmoja uliobaki. Kwa hiyo kwake yeye indiketa inayobonyezwa kwa kidole gumba bila kuachia usukani ni kitu chenye maana. Ila bora ziwe kwenye ncha za usukani, kama skuta inazo, ndipo zile za helmeti ziwe nyongeza. Sababu ni mbili. Ya kwanza, helmeti ni nyembamba. Taa ya kushoto na ya kulia zimeachana kwa upana wa kiganja, na usiku, kwa mbali, zinayeyuka kuwa mwanga mmoja unaowakawaka. Dereva anajua kuna kitu lakini hajui kinaelekea upande gani. Ya pili watengenezaji hawaisemi kabisa: kichwa hugeuka. Kabla ya kukata kona mtu mwangalifu hugeuka kutazama nyuma ya bega lake, na sekunde hiyohiyo, ambayo ndiyo dereva wa nyuma anahitaji ishara, indiketa ya helmeti inatazama pembeni. Mwambie kijana awashe indiketa kwanza, arudi kutazama mbele, ahesabu moja mbili, ndipo ageuke kuangalia bega. Na azime akishapita kona, maana helmeti haijui kama kona imekwisha.

Helmeti haichukui nafasi ya taa za chombo. Taa ya mbele na ya nyuma lazima zibaki kwenye baiskeli na kwenye skuta, kwa sababu ya kwenye helmeti hutazama kichwa kinakotazama, na pia kwa sababu siku utakayosahau kuichaji utabaki gizani.

Nikija kwenye kihisi cha ajali, hapa naomba usome kwa utulivu, maana watu hukiamini kuliko kinavyostahili. Ndani mna kihisi cha mchapuko na jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko. Pigo likizidi kiwango fulani, au likifuatiwa na mwili kutulia bila kusogea, helmeti huitumia simu ishara kwa Bluetooth, simu huanza kuhesabu kurudi nyuma kwa sekunde kadhaa, na usipoizima hutuma ujumbe wenye mahali ulipo kwa watu uliowaandikisha. Kwa anayetembea peke yake alfajiri au kwenye njia zisizo na watu, hili laweza kuwa jambo la maana kuliko yote niliyoyataja. Mtu aliyezimia hawezi kupiga simu.

Lakini hesabu mnyororo ulivyo mrefu. Betri ya helmeti iwe na chaji, Bluetooth iwe imeshikana, simu iwe nzima, mtandao uwepo, na anayepokea awe macho na ajue la kufanya. Kiungo kimoja kikikatika ujumbe haufiki. Simu ikiwa imebanwa kwenye usukani, ajali kubwa huirusha mbali au kuipasua, hivyo kaa nayo mfukoni, mfuko wenye zipu. Kisha vihisi hukosea kwa pande zote. Helmeti iliyodondoka kutoka mezani hupata pigo kali fupi linalofanana na ajali. Apple ilipoleta kitambua ajali kwenye iPhone 14 mwaka 2022, simu zilianza kupiga kwa vituo vya dharura zikiwa mifukoni mwa watu waliokuwa kwenye treni za burudani zinazopinduka angani, au wakiteleza kwenye theluji. Kampuni yenye uwezo mkubwa kiasi hicho ilisumbuka. Usitarajie helmeti ifanye miujiza. Kwa upande wa pili, mtu anaweza kuteleza taratibu, akavunjika nyonga, na kihisi kisione kitu.

Basi ukikitumia, fanya yafuatayo siku ya kwanza. Andikisha watu wawili, siyo mmoja. Wapigie uwaambie kwa sauti: ukipata ujumbe huu, nipigie mara moja, nisipopokea piga namba ya dharura na uwasomee mahali palipoandikwa. Kisha jaribuni kweli, uone ujumbe unavyofika na unasemaje. Nimewahi kukutana na watu ambao mke au kaka yao alipata ujumbe akadhani ni tangazo la biashara. Saa moja ilipotea hivyo.

Spika sizipendi, na nasema hivyo nikijua vijana hawatafurahi. Chombo cha umeme hakina mngurumo, na magari ya umeme yanayozidi kuongezeka nayo ni kimya. Masikio yako yanategemea sauti ndogo ya matairi kujua kinachokuja nyuma. Zile zinazoacha sikio wazi, zilizo kwenye kamba juu ya sikio au zinazopitisha sauti kwenye mfupa, ni nafuu kuliko za kuziba, na sauti ya ramani inayosema pinda kulia ni bora kuliko kuinamia simu. Zaidi ya hapo ningezima. Mazungumzo ya simu huchukua akili hata masikio yakiwa wazi.

Skrini za mbele ya jicho nazigusia haraka tu. Kampuni ya Marekani iitwayo Skully ilichangisha zaidi ya dola milioni 2.4 mwaka 2014 kwa ajili ya helmeti ya pikipiki yenye kioo cha kuonyesha nyuma na ramani, na mwaka 2016 ikasambaratika huku wengi waliochangia wakiwa hawajapokea kitu. Hilo linanirudisha kwenye swali ambalo ningetaka uulize kuhusu helmeti janja yoyote: simu ikizimwa, au kampuni ikifunga programu yake kesho, ni nini kitakachobaki kufanya kazi? Jibu likiwa kwamba taa na indiketa zinawashwa kwa kitufe chake na rimoti yake, ni sawa. Jibu likiwa kwamba hakuna kinachowaka bila kufungua akaunti, tafuta nyingine. Na programu ikitaka kujua uliko saa zote, hata usipoendesha, inyime ruhusa hiyo kwenye simu.

Kuhusu uzito: helmeti ya kawaida ya baiskeli ina gramu 250 hadi 350, yenye umeme mara nyingi hupita 400. Vaa dukani kwa dakika kumi, ugeuze kichwa kushoto na kulia kwa haraka. Ikichelewa kukufuata au ikikuvuta nyuma, shingo yako itailalamikia na utaanza kuiacha nyumbani. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, kwa sababu betri ya lithiamu huchakaa na povu nalo huharibika kwa joto. Alama ya IPX4 maana yake inastahimili matone ya kurukia kutoka pande zote; haimaanishi kuioshea bombani. Ikilowa, ikauke kabisa kabla ya kuichomeka chaji.

Sasa la kuvaa kwa zamu. Hapana, ndugu yangu, na sababu si usafi peke yake. Helmeti hulinda ikikaa sawasawa tu: ukingo wa mbele vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini ya sikio kwa umbo la V, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja au viwili. Mkipokezana, kila mmoja ataipokea ikiwa imerekebishwa kwa kichwa cha mwenzake, na siku ya haraka hakuna atakayeirekebisha. Halafu mahitaji yenu si sawa. Skuta ikinasa shimo, gurudumu lake dogo husimama papo hapo na aliyesimama juu yake hutupwa mbele juu ya usukani, uso ukitangulia. Madaktari huona meno, pua na taya zilizovunjika, sehemu ambazo helmeti ya kawaida ya baiskeli haizifuniki. EN 1078 ilitungwa kwa ajili ya baiskeli, ubao wa magurudumu na viatu vya magurudumu, kabla skuta za umeme hazijajaa barabarani. Kwa kijana wako ningetafuta helmeti inayofunika kidevu, hata isiwe na taa hata moja, na taa nikazifunga kwenye skuta na kwenye koti lake mgongoni. Muulize pia, bila kumfokea, kama ameondoa kikomo cha kasi cha skuta yake. Ikiwa inakimbia kilomita 45 kwa saa, anachohitaji ni helmeti ya pikipiki.

Kwako wewe, helmeti janja yenye povu zima, kinga ya msokoto, taa ya nyuma na kihisi cha ajali ni ununuzi wa busara ikiwa unaendesha gizani au peke yako. Ikiwa unaendesha mchana kwenye njia yenye watu, nunua helmeti ya kawaida iliyo bora na taa mbili nzuri za baiskeli.

Na ile ya mwaka jana. Najua inauma kutupa kitu kinachoonekana kizima, lakini povu lile hubonyea mara moja tu na halirudi. Ganda la plastiki hurudi umbo lake na kuficha kilichotokea chini yake. Nimezikata nyingi zisizo na ufa nje na ndani povu limelala kama mkate uliokaliwa. Ikigongwa tena mahali palepale, hakuna kilichobaki cha kubonyea. Kuifunga kihisi ni kuhakikisha tu kwamba mtu atapewa taarifa. Kihisi na taa ulivyotaka kubandika vifunge kwenye helmeti mpya, kwa njia aliyoiruhusu mtengenezaji wake; usitoboe, usitumie gundi kali inayoyeyusha povu, na usiweke kitu kigumu kilichochomoza kinachoweza kunasa lami na kukisokota kichwa. Ile ya zamani, kabla ya kuitupa, ikate kamba zote kwa mkasi, mtu mwingine asije akaiokota akampa mtoto wake.